Futi, daftari na tumbo langu: namna ya kuutenga uvimbe wa kizazi na utumbo unaokereka

Mimi ni fundi cherehani hapa Wete, Pemba, mwaka wa 22 sasa, na nguo ninayoishona zaidi ni dera. Dera halina kiuno. Mwanamke anaweza kulivaa miaka miwili, tumbo likawa linakua chini yake, asijue. Ndivyo ilivyokuwa kwangu, mtu ambaye futi ya kupimia hainitoki shingoni kutwa nzima.

Tumbo langu lilikuwa na maradhi mawili kwa pamoja: uvimbe kwenye mji wa mimba, ule tunaouita fibroidi, na utumbo unaokereka, ambao madaktari wameuandika kwenye cheti changu kwa herufi tatu, IBS. Kwa miaka kama minne niliyachukulia kuwa ni kitu kimoja. Mama mkubwa aliniambia ni mchango. Kwenye zahanati moja niliambiwa UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), mara taifodi, mara amiba, mara vidonda vya tumbo, na kila jina lilikuja na mfuko wake wa dawa. Naandika haya kwa mwenzangu ambaye naye ana mifuko hiyo kwenye kabati.

Anza na futi

Asubuhi ukiamka, nenda kakojoe, kisha kabla ya kunywa chochote simama wima na ujizungushie futi usawa wa kitovu. Usivute tumbo ndani. Andika. Usiku baada ya Isha, pima tena pale pale. Fanya hivyo wiki mbili, halafu siku moja kila mwezi, ukiwa umeshatoka kwenye hedhi.

Mimi nilipoanza, asubuhi nilikuwa sentimita 91, usiku 97. Kesho yake asubuhi 91 tena. Zile sita zinazopanda na kushuka ndani ya siku moja ni za utumbo: gesi, choo kilichokaa, chakula kilichochacha. Hakuna uvimbe wa kizazi unaokua mchana ukanywea usiku. Lakini baada ya miezi minne ile 91 ya asubuhi ikawa 94, na sikuwa nimenenepa mikono wala mashavu. Hizo tatu ndizo zilizonitia wasiwasi, na zilistahili. Kipimo cha asubuhi kikipanda mwezi hadi mwezi, huenda ni unene, ni mimba, ni maji tumboni au ni uvimbe. Hapo futi imemaliza kazi yake na inatakiwa picha.

Jilaze chali pia, magoti juu, ubonyeze taratibu juu kidogo ya mfupa wa kinena. Kizazi kisicho na mimba hukaa chini ya mfupa huo, hukigusi. Kikigusika, kigumu kama embe bichi, basi kimekua kama cha mimba ya wiki 12 au zaidi. Ndiyo maana daktari anaweza kukwambia "kizazi chako ni cha wiki 14" na wewe huna mimba. Usishtuke, anazungumzia ukubwa tu.

Daftari ambalo tayari unalo

Wengi wetu tumefunzwa chuoni, yaani madrasa, kuhesabu siku za hedhi kwa ajili ya sala na saumu. Mimi madeni yangu ya Ramadhani, yaani siku za saumu nilizoziacha kwa hedhi nizilipe baadaye, nimeyaandika kwenye daftari lile lile la vipimo vya wateja, ukurasa wa mwisho. Siku niliyolifungua kutafuta kitu kingine, macho yakaangukia pale: 2019 siku 6, 2020 siku 6, 2021 siku 8, 2022 siku 9, 2023 siku 11. Nilikaa na daftari lile mkononi muda mrefu. Ushahidi nilikuwa nimeuandika kwa mkono wangu mwenyewe na sikuwahi kuusoma.

Kilichonipoteza ni hiki. Tumefundishwa kwamba hedhi haizidi siku 15, ikizidi ni istihadha, damu isiyohesabiwa hedhi. Basi nilipofika siku 11 nilijiona sina neno. Lakini hesabu ile ni ya ibada, inakwambia lini usali na lini ufunge. Hesabu ya afya ni nyingine: damu ikipita siku 7, mwezi baada ya mwezi, ni nyingi. Ni nyingi pia ikiwa unabadilisha pedi au kitambaa kila saa moja au mbili, ikiwa unaamka usiku kubadilisha, ikiwa inatoka kwa mabonge makubwa kuliko kifungo cha koti, au ikiwa umeacha kuvaa nguo nyeupe kwa hofu. Kafungue daftari lako la madeni ya Ramadhani leo. Kama hunalo, waulize mabinti zako, mara nyingi wao ndio wanaokumbuka mama alilipa ngapi.

Kisha chukua ukurasa mpya, uupige mistari. Upande mmoja andika mambo ya damu: siku ya ngapi, pedi ngapi, mabonge, maumivu ya chini ya tumbo, kiuno na mapaja, uzito wa kama kubeba kitu, maumivu unapokutana na mume. Upande wa pili andika mambo ya choo: umekwenda mara ngapi, kigumu kama vinyesi vya mbuzi au cha maji, tumbo limekata kabla au baada ya chakula gani, na hili muhimu kuliko yote: je, ulipotoka chooni maumivu yalipungua, yalizidi, au yalibaki vile vile? Maumivu ya IBS yanafuatana na choo. Maumivu ya uvimbe hayajali umekwenda au hukwenda.

Mkojo uandike peke yake. Mimi nilikuwa nikisimama kwenye cherehani kila nusu saa, na kwa ajili hiyo nimemeza dawa za UTI mara tano. Mkojo wangu haukuwa unachoma, wala sikuwa na homa. Ulikuwa ni uvimbe unaolalia kibofu. Mkojo wa mara kwa mara usiochoma, tena mtoto wa maabara akakwambia hauna kitu, uliza habari ya kizazi. Ukiona damu ndani ya mkojo, hapo ni jambo jingine, na kwetu Pemba usisahau kichocho. Sisi tuliokulia kuvuka vijito na mabonde ya mpunga tunakijua tangu shule. Kichocho cha hapa hukaa kwenye kibofu, na kwa mwanamke kinaweza kushuka hadi mlango wa kizazi kikaleta damu na maumivu, kikadhaniwa maradhi ya zinaa. Kinapimwa kwa mkojo, vizuri zaidi wa saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, na kina dawa. Maabara ya Wawi, Chake Chake, imekuwa ikiufuatilia ugonjwa huo na minyoo kwa miaka mingi.

Damu inayotoka kati ya hedhi na hedhi, au baada ya kukutana na mume, isiingizwe kwenye hesabu hizi. Hiyo inataka kuangaliwa mlango wa kizazi moja kwa moja.

Siku ya picha

Altrasaundi ndiyo inayoonesha fibroidi. Kwa ile ya kupitishwa juu ya tumbo, kunywa maji kama lita moja saa moja kabla, na usikojoe. Kibofu kilichojaa ndicho dirisha, bila hicho mpiga picha haoni vizuri. Mimi mara ya kwanza nilikwenda kutoka Wete hadi Chake nikiwa nimekojoa njiani kwa aibu ya kuchafua daladala, nikaambiwa, "Mama, kakae unywe maji kwanza." Nikakaa saa mbili kwenye benchi. Ile ya kuingizwa ukeni inataka kibofu kitupu, na una haki ya kumtaka mwanamke awepo chumbani.

Ukipewa karatasi usiangalie sentimita tu. Kila mtu anauliza "mkubwa kiasi gani?" na mimi niliuliza hivyo hivyo. Swali lenye maana zaidi ni "umekaa wapi?" Kizazi ni kama mfuko wa kitambaa kizito chenye bitana. Uvimbe unaweza kuwa upande wa bitana, ukiingilia ndani ya mfuko. Huo kwenye karatasi utasomeka kama sabmukosa. Unaweza kuwa katikati ya kitambaa: intramyuro. Au upande wa nje, hata ukaning'inia kwa kikonyo: sabserosa. Wa bitana, hata ukiwa mdogo, ndio unaotoa damu nyingi na kusumbua mimba. Wa nje unaweza kuwa kama chungwa na hedhi yako ikawa ya kawaida, ila unabana kibofu au njia ya choo. Mimi nilikuwa na miwili: wa sentimita 6 ndani ya ukuta na wa sentimita 2 upande wa bitana. Nilimchukia yule mkubwa. Daktari akanionesha kwa kidole yule mdogo: "Huyu ndiye anayekumaliza damu."

Na damu ilikuwa imekwisha kweli. Nilipima wingi wa damu (hemoglobini) ikawa 7.4. Kwa mwanamke asiye na mimba, chini ya 12 ni upungufu, chini ya 8 ni upungufu mkubwa. Moyo ulikuwa unakwenda mbio nikipanda ngazi tatu za barazani, nami nikisema ni utu uzima. Usikubali kutoka hospitali na picha bila kipimo cha damu.

Fibroidi si saratani, na ni nadra sana uvimbe wa aina hii kukutwa ni saratani. Si jini wala si laana. Ni nyama ya misuli ya kizazi chenyewe, inayolishwa na homoni za uzazi, ndiyo maana husinyaa hedhi ikikoma. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2003 ulikuta kwamba kufikia miaka 50, zaidi ya wanawake weusi 8 katika kila 10 wanao, wengi bila kujua. Asiye na dalili mara nyingi haguswi, hufuatiliwa tu. Mwenye damu nyingi anaweza kupewa vidonge vya kupunguza damu inayotoka, vya kumeza siku nzito, au kitanzi chenye homoni ikiwa kizazi kinakikubali. Kuna sindano za kunyweza uvimbe kwa muda kabla ya upasuaji, zikisimamishwa, unarudi. Kuna kutoa uvimbe na kubakisha kizazi, na kuna kutoa kizazi chote. Ukibakisha kizazi, uvimbe mwingine unaweza kuota, na ukipata mimba baadaye huenda ukahitaji kuzaa kwa upasuaji. Uliza yote haya kabla ya kutia saini, na mume awepo asikie kwa masikio yake, maana ukimsimulia wewe nyumbani, nusu itapotea njiani.

Dawa za kuyeyusha uvimbe zinazouzwa kwenye simu, pamoja na vile vifurushi vya kujiweka ukeni "kusafisha kizazi", naomba uziache. Havifiki kwenye ukuta wa kizazi. Vinachofanya ni kuunguza na kuleta maambukizi, na huku damu yako inaendelea kushuka. Nimewashonea wanawake wawili waliopoteza mwaka mzima hivyo.

Nilidhani upasuaji umeshindwa

Nilifanyiwa Unguja, nikatolewa yote miwili, kizazi kikabaki. Hedhi ya tatu baada ya hapo ilikuwa siku 5. Nililia kwa furaha. Lakini jioni moja, baada ya mbaazi za nazi, tumbo likafura hadi nikafungua vifungo, likakata, nikakimbia chooni mara tatu. Nikasema basi, umerudi. Sikulala. Asubuhi nikajipima: 88. Usiku ule ilikuwa 94.

Zile sita zilikuwa palepale. Hazikuwa za uvimbe hata siku moja, na hakuna kisu ambacho kingezitoa. Ningelijua hilo mapema nisingelimlaumu daktari wa watu moyoni kwa miezi miwili.

Utumbo unaokereka hauna kidonda wala uvimbe wa kuonekana. Utumbo na ubongo vinazungumza kupita kiasi: utumbo unahisi gesi ndogo kama kisu, na unakwenda mbio au unasimama. Vigezo vya Roma vya mwaka 2016 ambavyo madaktari wanavitumia vinasema: maumivu angalau siku moja kwa wiki kwa miezi 3, yaliyoanza miezi 6 au zaidi nyuma, pamoja na mawili kati ya haya matatu: yanahusiana na choo, idadi ya kwenda imebadilika, sura ya choo imebadilika. Wengine hufunga, wengine huendesha, wengine kama mimi hupokezana. Huwapata wanawake zaidi, na siku za hedhi huzidi, ndiyo maana inachanganyika na kizazi. Haugeuki kuwa saratani.

Usijipe jina hili mwenyewe ikiwa kuna damu kwenye choo, unakonda bila sababu, una homa, au kuhara kunakuamsha usiku. Na mama yangu, ukiwa umepita 50 na tumbo limeanza kujaa sasa hivi bila kushuka asubuhi, usikubali kuambiwa ni gesi. Omba uangaliwe vifuko vya mayai ya uzazi na utumbo mpana. Pima pia choo, kwani minyoo na vijidudu vya utumboni viitwavyo giardia wapo kwetu.

Jikoni, nilichofanya ni hiki. Kwa wiki nne niliondoa vyakula vinavyochacha sana tumboni, njia iliyotoka Chuo Kikuu cha Monash kule Australia. Kwa jiko letu maana yake ni kitunguu, thomu (kitunguu saumu), maharage, mbaazi, kunde, ngano (maandazi, chapati na mkate wa boflo), maziwa, embe, tikiti na tende. Ukiyasoma hivi unaona kama umeambiwa usile Pemba. Lakini wali umebaki, samaki wa kuchoma na wa kupaka tui jepesi amebaki, muhogo kiasi, ndizi ambayo haijaiva sana, mayai, mchicha, boga kidogo, chungwa, na mkate wa kumimina wa unga wa mchele.

Mchuzi bila kitunguu wala thomu ulinishinda wiki ya kwanza. Kisha nikajifunza hila: kaanga vipande vikubwa vya thomu katika mafuta mpaka vinukie, halafu vitoe vyote kabla ya kutia kitu chochote cha maji. Harufu inabaki kwenye mafuta. Kile kinachotia gesi huyeyuka kwenye maji, hakiyeyuki kwenye mafuta. Badala ya kitunguu maji, tumia yale majani yake ya kijani. Watoto wangu hawakugundua.

Baada ya wiki nne ndipo kazi yenyewe inaanza, nayo watu huiruka: rudisha kimoja kimoja. Chukua chakula kimoja, ukile kwa siku tatu, kidogo, kisha zaidi, huku futi ya usiku ikifanya kazi. Mimi maziwa hayakunifanya kitu. Chapati moja sawa, tatu hapana. Mbaazi nikiziloweka usiku, nikamwaga maji, nikala upawa mmoja, tumbo linatulia. Kitunguu kibichi cha kachumbari ndicho adui yangu. Usikae maisha yako yote umenyima mwili vyakula kumi na viwili kwa sababu ya kimoja, hasa wewe ambaye damu yako ni ndogo.

Ramadhani inataka uangalifu wake. Tumbo lililokaa tupu kutwa, likapokea kwa mkupuo tende tano, mbaazi, viazi vitamu na tui zito, lazima lilalamike. Mimi nafuturu kwa tende moja na maji, nasali Magharibi, ndipo narudi kwa kidogo kidogo.

Wasiwasi nao huingia tumboni. Wiki ya Iddi, nguo arubaini zinasubiri, ndiyo wiki yangu mbaya kuliko zote. Sasa nafunga kupokea kazi mapema, na kila siku natembea nusu saa baada ya Alfajiri. Si dawa ya kusema, lakini daftari linaonesha tofauti.

Vidonge vya kuongeza damu

Hapa maradhi mawili hugongana. Vidonge vya chuma hufanya choo kiwe cheusi na kigumu, na kwa mwenye IBS huweza kuzidisha kufura au kufunga. Wengi huviacha siku ya nne. Usiviache. Mwambie daktari, mara nyingi kumeza siku moja na kuruka moja kunatosha na tumbo linavumilia. Meza kwa maji ya ndimu au chungwa, na chai iwe mbali, saa moja hadi mbili kabla na baada, kwani chai huzuia chuma kisiingie mwilini. Ya maziwa, ya rangi, ya viungo, zote.

Na diklofenaki za maumivu usizimeze tumbo likiwa tupu, wala kila siku mwezi mzima.

Yako mambo yasiyongoja daftari wala futi. Ukijaza pedi kila saa kwa saa kadhaa mfululizo, ukiona giza ukisimama, kifua kikibana, tumbo likauma ghafla kwa namna hujawahi kuijua pamoja na homa au kutapika, au hedhi imechelewa na una maumivu ya upande mmoja, nenda hospitali saa hiyo hiyo, iwe ni usiku. Usiendeshe mwenyewe na usipande bodaboda, utaanguka. Mwamshe jirani mwenye gari, mtu akae nawe nyuma akushike, na akubebee lile daftari.